Uso Ulioliwa Ukutani

Uso wa Brandon ulipotoweka ukutani, watu wa kijiji chetu hawakuuliza umekwenda wapi. Waliuliza nani ameuchukua. Na kabla lori la chai halijafika kituoni asubuhi hiyo, jibu lilikuwa limeshapatikana: ni Nyakerario. Nyanya yangu. Mama mzazi wa baba yake Brandon, mwanamke aliyemlea marehemu huyo tangu alipoachishwa ziwa hadi siku pikipiki ilipomuua pale Masimba.

Aliyeanza ni Kwamboka, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alikuja kuazima ungo. Nyanya alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani, akampazia sauti kwamba ungo uko nyuma ya mlango wa sebule, aingie autwae. Kwamboka akaingia. Hakutoka na ungo, alitoka na mayowe.

Alichokiona ni ile picha kubwa iliyobebwa mbele ya jeneza. Baada ya mazishi ilitundikwa kwa nyanya kwa sababu Brandon alikulia kwake. Suti ya buluu ilikuwapo. Tai ilikuwapo. Mikono ilikuwa imekunjwa vizuri mapajani. Lakini juu ya kola, mahali pa uso, palikuwa peupe kama kiazi kilichomenywa. Lilisalia jicho, tena nusu yake tu, likitazama pembeni.

Kwetu hilo linatosha. Wanawake waliosimama kituoni na vikapu vyao wakisubiri chai ipimwe walilipokea neno hilo kutoka kwa Kwamboka, wakaligeuza, wakalitia chumvi, wakalipeleka nyumbani. Kufikia jioni nyanya yangu alikuwa amekula uso wa mjukuu wake ukutani, na bila shaka ndiye aliyemla mwili barabarani.

Hayo yote yalitokea mimi sipo. Ninauza vitabu vya shule katika duka moja Kenyenya, na nyumbani Gesima hurudi Ijumaa kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Ijumaa hiyo nilipokelewa barabarani na Omosa, rafiki yangu wa utotoni ambaye siku hizi anaendesha bodaboda.

"Ogoti, panda nikupeleke. Lakini leo usile kwa nyanya yako."

"Kwa nini? Ameunguza ugali?"

"Cheka tu, ndugu yangu. Uso wa Brandon umeliwa."

"Umeliwa na nani?"

Omosa akatazama huku na huku kana kwamba michai ina masikio. "Si mimi ninayesema. Ni watu."

"Watu wana majina. Nitajie mmoja nimfuate."

"Ndiyo maana hawakupendi wewe," akasema, akapiga pikipiki teke ikawaka. Tulipokuwa tukipanda mlima akageuza shingo, akanimalizia habari. "Baba yako mkubwa ameita kikao Jumapili. Anataka mama yake arudishwe kwao."

Niliposikia hivyo nilimwambia asimamishe pikipiki. Nilitaka kutembea, kwa maana ningeendelea kukaa pale nyuma ningempiga mgongoni, na mgongo wake haukuwa na kosa.

Mwanamke wa Kigusii aliyetolewa ng'ombe wa mahari, akazaa, akamzika mumewe uani, harudishwi kwao. Mahali pake pa mwisho ni kando ya mume, na kila mtu wa boma anapajua kama anavyojua mlango wa nyumba. Kumrudisha ni kusema kwamba hata udongo wetu unamkataa. Na anayerudishwa kwa jina hilo, jina la mchawi, huko kwao hapokelewi. Atalala wapi? Nani atasimama mlangoni vijana wakija na mawe na viberiti? Sote tunajua yaliyowapata wazee wengine katika milima hii. Hatuyasemi, lakini tunayajua.

Nilimkuta nyanya ameketi kwenye kiti chake cha mbao nje ya mlango, miguu imenyooshwa, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa mieleka.

"Umefika, momura, kijana wangu," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia, magokoro," nikamjibu nyanya yangu.

"Wanataka nirudi Kenyenya. Nilitoka huko nina meno yote. Nirudi kuwapelekea nini, ufizi?"

Sikuweza kucheka. Niliingia ndani moja kwa moja.

Nyumba hiyo ilijengwa na baba mkubwa, Zachariah, baba yake Brandon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Aliijenga haraka mwanawe alipofariki, maana wageni wa mjini wangekuja mazishini na hakutaka waione nyumba ya udongo. Ukuta wa tofali na plasta, dari ya mbao nyembamba, sakafu ya saruji. Madirisha ya chuma yalipakwa rangi yakiwa yamefungwa, rangi ikakauka katika viungo, na tangu hapo hakuna lililofunguka. Mapazia mazito juu yake, kwa ajili ya wezi na macho ya watu. Jiko la nje, lile la mafiga lililokuwa limeegemea nyumba ya zamani na kuijaza moshi kila asubuhi na jioni, alilibomoa siku nyumba ilipokamilika. "Mama sasa utapika kwa gesi kama binadamu," alimwambia. Akaondoka na shukrani zake.

Mvua za Gesima si za kuulizwa zitaisha lini. Nyanya alikuwa akipika ndani, akichemsha ndani, akianika nguo ndani kwenye kamba iliyokatiza sebule. Nilipoingia harufu ya unyevu ilinigonga kama kitambaa kibichi usoni. Nyuma ya kalenda ya kanisa ukuta ulikuwa unatoka jasho. Dari ilikuwa na madoa ya kahawia kama ramani za nchi nisizozijua.

Niliishusha picha, nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Nikaitazama kama ninavyotazama maboksi ya vitabu yanayorudishwa dukani. Palipoliwa hapakuwa pamekatwa kwa wembe wala pamechanwa. Palikuwa pamekwanguliwa, ngozi ya juu ya karatasi imeondoka taratibu, kingo zake zimeingia na kutoka kama ufuo wa ziwa. Ndani ya fremu, chini ya kioo, palikuwa na punje nyeusi ndogo kama pilipili manga iliyosagwa vibaya, na maganda meupe mepesi yaliyopeperuka nilipopumua. Nikagonga fremu kwa kidole. Kutoka kwenye pembe akachomoka mdudu mmoja, mwembamba, mwenye rangi ya bati jipya, bila mabawa, ana ndevu mbele na mikia mitatu nyuma. Alikimbia akiyumba kama tone la maji kwenye sufuria ya moto, akapotea chini ya kadibodi.

"Nyanya!" niliita. "Mwizi wako huyu hapa!"

Dukani tunawaita wala-karatasi. Wanapenda giza, wanapenda unyevu, na wanapenda kila kilicho na wanga: gamu ya vitabu, unga, nguo iliyotiwa wanga ikanyooshwa. Niliviinua vitambaa vya makochi, vile vyeupe alivyovifuma kwa mkono na kuvikaza kwa maji ya wanga wa muhogo visimame wima kama sahani. Vilikuwa na matundu.

"Hivyo ni panya," nyanya akasema.

"Panya hutafuna akaacha mavi ya kuonekana. Hawa wanakwangua tu. Uliwahi kuwaona katika nyumba ya zamani?"

Akafikiri. "Katika ule moshi? Hata mimi mwenyewe nilikaa kwa kuvumilia."

Nilitaka kukimbia hadi mjini kwa baba mkubwa saa ileile, nikampigie kelele hadi mabati yaanguke. Nyanya akanishika mkono. Jua lilikuwa limegusa mlima.

"Sabato imeingia. Sitaki kelele kwangu. Jumapili utapiga, na upige vizuri."

Siku ya Sabato tulikwenda kanisani pamoja. Aliketi kwenye benchi lake la siku zote, na watu wakaondoka pale mmoja mmoja, huyu anakwenda kumtuliza mtoto, yule anatafuta upepo, hadi tukabaki sisi wawili kwenye benchi la watu wengi. Nyimbo zilipoanza nyanya aliimba. Aliimba kwa sauti ya kumfikia aliye barabarani. Nami, nisiyejua kuimba, niliimba pia, kwa ubaya na kwa makusudi.

Jumapili viti vya plastiki vilipangwa uani mbele ya nyumba. Zachariah alikuja na gari lake kutoka mjini, pamoja na mke wake Celestine, mama yake Brandon. Tangu mazishi Celestine alikuwa amekonda, macho yake yakitazama vitu bila kuviona. Mzee Angwenyi wa kanisa aliongoza kikao. Kwamboka alipata kiti cha mbele kama bibi arusi. Omosa alisimama nyuma karibu na lango, pikipiki yake imegeuzwa kuelekea barabarani.

Mzee Angwenyi aliomba. Kisha Zachariah akasimama, na lazima niseme ukweli: hakuwa mtu mwenye furaha. Sauti yake ilikatika.

"Mimi sikuja kumtukana mama," alisema. "Ni mama yangu. Lakini nimemzika mwanangu pale." Akaonyesha kaburi lenye vigae kando ya migomba. "Sasa hata picha yake imeondolewa uso. Uso tu! Suti haikuguswa, tai haikuguswa. Ni kitu gani kinachojua uso wa mwanangu? Nimekosa usingizi. Sitaki mtu afe. Ninaomba tu mama akae kwa ndugu zake Kenyenya, mbali na kaburi la mtoto wangu. Nitampelekea chakula."

"Amesema vizuri," Kwamboka akasema. "Mwingine angesema vibaya zaidi."

"Wewe ulishasema vibaya zaidi kituoni," nikamwambia. "Yeye amebaki na makombo."

Watu wakaguna. Mzee Angwenyi akainua mkono. "Kijana, ongea kwa zamu yako."

"Basi hii ndiyo zamu yangu, mzee."

Nilikuwa nimetandika shuka jeupe juu ya meza. Nikaiweka picha juu yake, nikang'oa misumari ya nyuma, nikaitoa kadibodi na kuikung'uta kwenye jua. Walianguka kama makombo ya fedha, wakubwa kwa wadogo, wakatawanyika kwenye shuka wakitafuta kivuli. Mama mmoja aliinua miguu juu ya kiti. Omosa alicheka kwa hofu.

"Hawa ndio waliokula uso," nikasema. "Hawana jina la mtu. Ni wadudu wa unyevu. Wamo katika vitabu, katika maboksi, nyuma ya kalenda—"

"Mnaona!" Kwamboka akaruka wima. "Mnaona kwa macho yenu? Anawafuga! Amewaficha nyuma ya marehemu!"

Naapa sikuwa nimelitarajia hilo. Nilidhani mtu akionyeshwa mdudu ataona mdudu. Lakini nilizisikia sauti zikienea nyuma: ni wake, ni wa kutumwa, mbona sisi hatujawahi kuwaona. Zachariah alirudi nyuma hatua moja, akajifuta mikono kwenye koti ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Na mbona wamekula uso tu?" akauliza. "Ogoti, nijibu hilo. Wadudu wa unyevu wanachagua?"

Niliigeuza kadibodi huku na huku. Nilikuwa na hasira nyingi kuliko maneno, na Kwamboka aliliona hilo.

"Hili si shindano la maneno," akaniambia. "Kaa chini, mwanangu."

Ndipo Celestine akasema, akiwa ameketi, bila kumtazama mtu. "Kwa sababu uso ule niliubandika mimi."

Mumewe aligeuka. "Unasema nini?"

"Siku ya mazishi mvua ilinyesha tukitoka kaburini. Hukuiona picha ilivyokuwa? Maji yaliingia chini ya kioo, rangi ikamwagika. Mwanangu alikuwa na uso kama tope. Watu walipokuwa wakila nilikata uso mwingine kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, ile ya mbele yenye picha kubwa, nikaubandika juu. Sikuwa na gamu. Nilipika uji wa unga wa ngano, mzito, nikapaka. Kisha nikairudisha kwenye kioo." Akapangusa pua kwa ncha ya leso. "Sikumwambia mtu. Sikutaka mtu amwone Brandon vile."

Niliinama juu ya picha. Nikapapasa kwa kidole pale peupe juu ya kola.

"Wamefuata unga," nikasema kwa sauti ya chini. "Suti haina unga, mama mkubwa. Uso ulikuwa umelalia uji."

Mtu mwingine angemaliza hapo, watu wakaenda zao. Lakini uvumi ukishalala kwako hauondoki kwa kuonyeshwa mlango. Mzee Angwenyi alikuna kidevu. "Sawa, unga tumeelewa. Lakini wadudu wenyewe wametoka wapi? Hilo ndilo linaloogopesha watu. Kwa nini wawe kwa Nyakerario peke yake?"

"Nani kasema peke yake?" nikauliza. "Nani amewahi kutazama nyuma ya kochi lake? Mnaona mlichokifunua kwake kwa sababu kwake ndiko mlikokwenda kufunua!"

Niliingia ndani, nikatoka na kreti. Nilikuwa nimekusanya chupa za jemu za kioo kutoka hoteli za Kenyenya ili kukamata wale wa dukani, na nyingine nilikuwa nimemletea nyanya siku za nyuma za kutilia chumvi na sukari. Usiku uliotangulia, Sabato ilipokwisha, kila moja nilikuwa nimeizungushia kitambaa kwa nje. Nikazipanga mezani, nikatia ndani ya kila moja chembe ya unga wa ngano.

"Wanapanda kitambaa, wanaangukia kwenye unga, na kioo hawawezi kukipanda kutoka. Chukueni kila nyumba chupa moja. Iwekeni sebuleni, penye giza, nyuma ya kochi au chini ya kabati. Kesho asubuhi zileteni hapa. Kama ni ya nyanya peke yake iliyo na wadudu, nitambeba mwenyewe mgongoni hadi Kenyenya. Na kama sivyo, asitamke mtu jina hilo tena mbele ya mlango huu."

"Hiki ni kiapo?" Mzee Angwenyi akauliza.

"Ni mtego, mzee. Lakini kama moyo wako unataka kiapo, kiite kiapo."

Hakuna aliyesogea. Zachariah alisema, "Mimi siwekewi mitego kama panya. Nyumba yangu ni safi." Alikuwa na nyumba yake ya pili mita chache kutoka hapo, nzuri kuliko zote kijijini, ambayo hufunguliwa Krismasi na mazishini.

"Kama ni safi chupa itarudi tupu," nyanya akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. "Mwanangu, unaogopa chupa?"

Zachariah alikwenda kusimama kando ya gari, akatupa mgongo. Hapo Celestine akainuka, akaja mezani, akachukua chupa, akaifunika kwa leso. Baada yake Omosa, akijichekesha. Kisha mzee Angwenyi, maana mzee wa kanisa hawezi kushindwa na mwendesha bodaboda. Wengine wakafuata. Kwamboka alichukua ya mwisho, akaishika kwa ncha za vidole kama yai la nyoka.

Usiku huo mvua ilinyesha vizuri. Nikaishukuru.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa uani mapema. Nilijua wengi watamwaga walichokamata na kuleta kioo kitupu, nikajiandaa kugombana. Lakini Omosa ndiye aliyetangulia, akija mbio, chupa juu ya kichwa kama kombe la mpira.

"Wanane! Ogoti, ninao wanane! Mama alikuwa akimlaumu paka!"

Kilichotokea baada ya hapo nakipenda kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Omosa alipokwisha kujitangaza, hakuna aliyetaka kuonekana anaficha. Walikuja na chupa zao, wengine wakiwa wamekasirika, wengine kwa aibu. Nyumba mpya za plasta na dari, zenye madirisha yaliyofungwa na maboksi chini ya vitanda, zote zilikuwa nao. Wale waliokuwa bado na jiko la moshi karibu walileta chupa tupu, na sasa wao ndio walioonekana kama hawakufanya bidii. Mzee Angwenyi alileta yake katika mfuko wa karatasi. Aliyaangalia makombo ya fedha yakizunguka chini ya kioo, akasema taratibu, "Chupa niliiweka chini ya kabati la vitabu vya nyimbo."

"Vitoe juani, mzee," nikamwambia. "Na kabati liache wazi."

Kwamboka aliiweka yake pembeni mwa meza. Ilikuwa na wadudu wengi kuliko ya nyanya.

"Wako hawa ni wa kufugwa, au ni wa kutumwa?" nikamuuliza.

"Ogoti," nyanya akasema kwa ukali. "Mwache."

Nikamwacha, kwa shida.

Mwishoni alikuja Celestine kutoka kwenye ile nyumba nzuri. Mumewe alikuwa nyuma yake akimwita kwa jina, naye hakugeuka. Aliishika chupa kwa mikono miwili. Akaifunua leso mbele ya watu wote, na watu wakasogea kuona, kisha wakarudi nyuma. Chini ya kioo unga haukuonekana. Ilikuwa ni fedha tupu inayotembea.

"Niliweka chupa mbili," Celestine akasema. "Ya kwanza bado iko sebuleni; ya pili niliiazima kwa Omosa, aliyejichukulia mbili. Hii ilitoka nyuma ya sanduku la nguo za Brandon." Akamgeukia mumewe. "Baba Brandon, funguo za nyumba ile unazo wewe peke yako. Mama yako hajawahi kuzishika. Sasa niambie mchawi aliingia kwa mlango upi."

Zachariah alisogea hadi alipo mkewe. Nilimwona akiitazama chupa, kisha kaburi, kisha mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alionekana kama mtoto wa mtu.

Mzee Angwenyi alikohoa. "Basi ndugu, Mungu ametuonyesha. Tufumbe macho tuombe, tufunge jambo hili, kila mtu aende kuchuma chai."

"Nisifumbiwe macho," nyanya akasema.

Alisimama. Si mrefu, lakini siku hiyo alisimama kama mtu aliyepanda juu ya kitu.

"Neno hili lilifunguliwa kwa midomo, lisifungwe kwa maombi. Mlinisema kituoni, mbele ya mizani ya chai. Kwamboka, leo utasimama palepale useme ulichokiona asubuhi hii, kwa sauti ileile ya mayowe. Nitakuja kusikiliza. Mzee, wewe utalisema kanisani, Sabato, kabla ya sadaka, watu wakiwa bado hawajachoka. Na wewe, Zachariah."

"Mama, nilikuwa na uchungu," akasema.

"Nami nilikuwa na nini? Mimi ndiye niliyemfundisha Brandon kutembea kwenye uwanja huu. Ulidhani uchungu ni wako, wangu ni wa kuazima?" Akaionyesha nyumba yake kwa kidole. "Mimi sitoki hapa. Pale ni mume wangu, pale ni mjukuu wangu, na nafasi yangu katikati naijua. Lakini kabla sijalala pale nataka kuishi hapa nikiwa mkavu. Hii dari yako inakunywa maji. Leo inashuka. Madirisha yafunguke, hata kwa nyundo. Na jiko langu ulilobomoa, utanijengea kwa mikono yako, si kwa mikono ya fundi."

"Nitatuma watu wiki ijayo," Zachariah akasema. "Leo nina kazi mjini."

"Leo."

Baba mkubwa alitazama nyumba, akatazama gari. Nilifikiri atavua koti. Mkono ulienda kwenye kifungo cha kwanza, nao ukabaki pale. Kisha akageuka, akaingia ndani ya gari, akaliwasha. "Celestine, twende," akaita kupitia dirishani.

Mimi nilishaleta ngazi sebuleni. Nilipanda, nikapenyeza mtaimbo kati ya mbao ya kwanza na ukuta. Mbao ililia, ikaachia, na kutoka juu yake vumbi na maganda na giza la miezi mingi vikamwagika kichwani mwangu. Chini Omosa alikuwa akigonga dirisha la jikoni kwa nyundo, rangi ikiruka vipande vipande.

Honi ikalia nje. Celestine alivua viatu vyake vya mjini, akaviweka pembeni ya mlango, akajifunga leso kichwani. Honi ikalia tena, ndefu.

"Shika upande ule wa mbao," nyanya akamwambia. "Usiiachie hadi niseme."

Celestine akaushika.